Mlango Pasipotakiwa Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Wameamua kumpasua. Alhamisi ya wiki ijayo.

Naandika polepole ili nielewe. Kitinda, binti yangu wa mwisho, fundi wa lifti, mtu anayening'inia kwenye mashimo ya maghorofa kana kwamba yuko bembeani, amelazwa tangu wiki iliyopita. Shida yenyewe ilianza kitambo. Anafanya kazi vizuri, anamaliza, anakaa kupumzika, na hapo ndipo jasho baridi linamtoka juu ya mdomo, maneno yanamvurugika, anaanguka. Si katikati ya kazi. Baada yake. Mara ya mwisho alikuwa ameshatoka shimoni, amesimama mlangoni anakunja kamba. Aliangukia nyuma. Angeangukia mbele, leo tusingekuwa na habari za hospitali.

Kampuni imemtoa kwenye mashimo mpaka daktari aseme yuko salama. Kabla ya kulazwa alikuwa anapokea simu ofisini. Kitinda na simu — ni kama kumleta mbuzi sebuleni na kumwambia asiguse maua.

Kipimo walichomfanyia ni cha kukaa bila kula, maji tu, huku wanampima sukari mara kwa mara. Mtu mwenye afya akikaa na njaa, sukari ya damu hushuka kidogo halafu husimama. Kwa nini? Kwa sababu insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, nayo hunyamaza. Hakuna mgeni, mlinzi analala. Kwa Kitinda haikuwa hivyo. Walimkuta kitandani amelowa jasho, sukari iko chini kabisa, insulini iko juu. Daktari wa upasuaji anasema maana yake ni moja: kuna kivimbe kwenye kongosho kinachomwaga insulini bila kujali mtu amekula au hajala.

Picha hazikioni. Anasema vivimbe hivyo huwa vidogo kama punje ya choroko. Atafungua, atatafuta.

Nikamuuliza, usipokiona? Akasema atakata mkia wa kongosho, mara nyingi hujificha huko. Nikamuuliza, na kama hakiko huko? Akanishika bega. "Mzee, hapo tuachie sisi." Hakusema kwa ubaya. Lakini sikujibiwa.

Dada yangu mkubwa, shangazi yake Kitinda, ana maelezo yake: wembamba. Anasema mtoto angekuwa na nyama mwilini, sukari ingepata pa kushika.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumwona. Lifti ya hospitali leo inafanya kazi, nashukuru. Wiki iliyopita ilikuwa mbovu na wodi iko juu kabisa. Mimi na ngazi hatujawahi kuelewana. Napumzika kila ghorofa, na si uzee: nilikuwa hivyo hivyo kijana. Marehemu mama yangu naye alikuwa hivyo. Akipandisha ndoo haraka, alikaa kwenye ngazi ya mwisho, kimya, hata ukimwita hakuitika. Baadaye alisema, "Nasikiliza kwanza." Majirani walidhani anasikiliza mambo yao. Kwangu mimi wanafunzi walifupisha wakaniita Mwalimu Polepole. Walidhani sijui.

Kitinda alikuwa anatazama dari.

"Baba, niambie kongosho ni nini. Kwa ufupi."

"Ufupi sina."

"Basi niambie urefu, lakini usiniulize maswali mwishoni."

Nikamweleza. Akacheka kidogo niliposema mkia. Halafu akauliza lile ambalo nilijua litakuja: wakikata, atapata kisukari? Nikamwambia inawezekana, si lazima. Akasema mtu wa kujidunga insulini hakuna kampuni itakayomrudisha shimoni. Ni kweli.

"Mimi kazi nyingine siijui," alisema. "Na sitaki kuijua."

Ana umri wa mtu mzima kabisa. Lakini alipogeukia ukutani nilimwona yule yule aliyefungua redio yangu vipande vipande akiwa na meno ya utotoni.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo la leo liandikwe lilivyo, lisije likaongezwa chumvi baadaye, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kuongeza.

Nilikuwa kwenye lifti na fundi wa matengenezo wa hospitali, bwana mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Akaniuliza nakwenda wodi ipi. Nikamwambia. Uso ukamchanua.

"Wewe ndiye baba yake yule fundi mwanamke? Mwambie lifti inamsalimia."

"Inamsalimiaje?"

"Si yeye aliyeifufua? Mzee, bila yule binti hata sasa tungekuwa tunabeba wagonjwa mgongoni."

Nikatabasamu kama mtu aliyekuwa anajua. Kisha nikauliza polepole, ilikuwa lini. Akasema jioni ile lifti ilipokwama na mama mjamzito ndani, anapelekwa kujifungua. Yeye alikuwa peke yake. Mtu mmoja lazima awe juu kwenye chumba cha mashine, alegeze breki kwa mkono. Mwingine awe kwenye ghorofa, aangalie kibanda kimefika wapi na kufungua mlango. Simu kule juu hazishiki. Basi Kitinda akawa ndiye mguu: juu, chini, juu tena.

"Alipanda ngazi kama paa," alisema. "Nami namwambia, binti, pumzika, ananiambia mama atajifungulia humu."

Mama alitoka salama. Mtoto wa kiume.

Nilifika wodini nikakaa. Nikamuuliza Kitinda, jioni ile waliyokukuta umelowa, ulikuwa umetoka wodini?

"Kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Baba, nilikatazwa kutoka. Ningesema, yule muuguzi wa zamu angeandikiwa barua ya onyo. Ana watoto wachanga."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu ya paa."

"Mara moja?"

Akaangalia shuka.

Nimewauliza wanafunzi swali hilo hilo miaka yote: kabla ya hapo ulifanya nini, na kabla ya hapo? Walikuwa wakiguna. Leo nimeshukuru kwa kila mguno. Tulidhani tumepima njaa. Kumbe tulipima njaa pamoja na ngazi, na hakuna aliyejua kwamba ngazi zimo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfuata daktari wa homoni, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, mlangoni kwake kabla hajavaa koti. Kwanza nilipata ahadi yake kwamba muuguzi hataguswa. Kisha nikamweleza. Alinisikiliza akiwa na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Rudia hapo kwenye ngazi," alisema.

Nikarudia.

"Na huko kazini, anaanguka akiwa na njaa?"

"Hapana. Ameshakula. Anaanguka akishamaliza kukimbizana na kazi."

Akavaa mkono wa pili. Akasema upo ugonjwa mmoja, wa nadra mno, ameusoma lakini hajawahi kuuona. Hataki kunipa tumaini la bure. Atampandisha Kitinda kwenye baiskeli Jumatatu, akiwa ameshakula, tena atakuwepo mwenyewe. Daktari wa upasuaji hakupendezwa. Amesema sawa, lakini jina halitoki kwenye orodha yake mpaka aone kwa macho.

Haki yake. Mimi pia nisingelitoa.

Jumapili, 9 Machi

Dada amekuja na uji wa kumnenepesha Kitinda, hospitali wakamrudisha nao. Amenywa yeye. Anasema haukupungua kitu.

Nimetumia siku kusoma makala aliyonipa daktari wa homoni. Lugha ngumu, lakini nimewahi kuwafundisha watoto wa miaka kumi na mitano baada ya chakula cha mchana, najua kuvumilia. Nieleze hapa nilichoelewa. Nikishindwa kueleza, sijaelewa.

Misuli ikifanya kazi ya nguvu kuliko hewa inayoipata, huvunja sukari kwa njia ya mkato, na kinachotoka ni laktati. Tuliifundisha kama taka, ile inayochoma mapaja baada ya mbio. Vitabu vilisema hivyo. Leo wanasema si taka hata kidogo: ni chakula kilichopikwa nusu. Misuli inayokimbia huitoa, moyo huipokea na kuichoma. Ini huipokea na kuirudisha kuwa sukari. Ndani ya ubongo kuna seli walezi zinazosemekana kuwapikia jirani zao. Mwili mzima unapitishiana laktati kama majirani wanavyopitishiana moto wa jiko.

Lakini haipenyi ukuta wa seli hivi hivi. Ukuta ule ni utando wa mafuta, nayo laktati ni mtoto wa maji. Inahitaji mlango. Mlango ni protini iliyopenya utando, inayofunguka upande huu, kisha upande ule, kamwe si pande zote kwa pamoja. (Kitinda atapenda hapo. Lifti zake ndivyo zilivyo.) Na laktati haipiti peke yake. Hupita na chembe moja ya hidrojeni, ile inayotia ukali wa asidi. Wawili wawili, bega kwa bega. Hakuna nguvu inayotumika: walipo wengi husukumwa kwenda walipo wachache. Wingi ukihama, mlango ule ule hubeba kurudi.

Jambo lililonifurahisha: mlango wenyewe haufiki ukutani bila msindikizaji. Ipo protini nyingine inayoushika mkono mpaka utandoni. Msindikizaji akikosekana, mlango unabaki ndani umekaa, kama mgeni wa harusi asiyejua ukumbi.

Milango hii ikiharibika? Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa na michache mno. Wanakua vizuri, mpaka siku wanayougua na kukosa kula, damu yao inajaa asidi kwa haraka, maana vitu vingine vya asidi hutumia mlango huo huo. Na saratani, ambayo haikosi kwenye ubaya wowote, hujiongezea milango ili itupe laktati nje na kuendelea kula sukari. Wanatafuta dawa za kuiziba.

Sasa kongosho. Seli zinazotengeneza insulini hupima sukari kwa kuichoma. Zikichoma sana, zinajua mtu amekula, zinatoa insulini. Hiyo tu ndiyo pua yao. Je, laktati ikiingia mle? Itachomwa vile vile. Seli itasema, mtu amekula! — kumbe amekimbia. Kwa hiyo maumbile yakafanya busara ya ajabu: karibu kila seli mwilini imepewa mlango wa laktati, zile zimenyimwa. Amri ya kuutengeneza zinayo, kama seli zote, lakini imefungiwa.

Na kuna watu wachache duniani ambao kufuli hilo limelegea. Mlango umewekwa mahali pasipotakiwa mlango. Wakikimbia, laktati inaingia kongosho, insulini inamwagika, sukari inaporomoka. Hakuna kivimbe. Hakuna cha kukata.

Nimeyasoma mara nyingi maneno hayo. Hakuna cha kukata. Sitaki kuyaamini kabla ya kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Imeshuka.

Nianze mwanzo. Chumba kidogo, baiskeli isiyokwenda popote, sindano ya kuchukulia damu mkononi mwa Kitinda. Amekula asubuhi, ameshiba. Daktari wa homoni kwenye kiti. Daktari wa upasuaji naye amekuja, amesimama mlangoni kama mtu anayepita tu. Kitinda akapiga pedali mpaka fremu ikalia. Akamaliza. Akashuka anacheka. Sukari iko juu, nzuri kabisa. Daktari wa upasuaji akatazama saa yake.

"Tungoje," akasema daktari wa homoni.

Tukangoja. Kitinda ananieleza kwamba mnyororo wa baiskeli ile umelegea, anaweza kuukaza, wampe tu spana. Anasema spana. Kisha anasema spana tena. Kisha anatafuta neno lingine halioni. Nikatazama juu ya mdomo wake. Jasho.

Sukari ikawa imeanguka, na aliyekula yuko mbele yetu. Damu ikachukuliwa upesi, kisha wakampa sukari ya mshipani, na ndani ya muda mfupi akawa amerudi, anauliza kwa nini wote tunamkodolea macho.

Daktari wa upasuaji alikuwa ameshaingia ndani kabisa. Aliuliza maswali, mengi, ya mtu anayetaka kujua. Mwishoni akanigeukia.

"Mzee, uliniuliza nisipokiona nitakata nini."

"Nilikuuliza."

"Lilikuwa swali zuri," akasema, akatoka.

Majibu ya insulini jioni: juu. Juu sana, baada ya kukimbia tu. Jina limetoka kwenye orodha. Sampuli itapelekwa maabara ya mbali kuitafuta hitilafu ya jeni iliyolegeza kufuli, majibu yatachelewa, lakini daktari wa homoni anasema hana haja ya kuyangoja ili alale usingizi.

Nami leo nitalala. Nimetoka hospitali nikasahau mwavuli, nikasahau na kofia. Mvua ikaninyeshea kichwani nikaona ni baridi nzuri.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Kitinda habari zote za mlango. Safari hii hakuniambia nifupishe.

Akafikiri. "Kwa hiyo hakuna kitu kilichoharibika."

"Hakuna. Kila kitu kinafanya kazi sawasawa."

"Ila kuna mlango umewekwa ghorofa ambayo haikutakiwa kuwa na mlango. Kama wangeweka mlango wa abiria kwenye chumba cha mashine. Mtu anabonyeza, lifti inasimama, anashuka katikati ya mitambo na mkoba wake wa sokoni."

Nimefundisha maisha yangu yote, sijawahi kuliweka jambo vizuri hivyo. Nimemwambia nitaliiba.

"Lichukue. Mimi nina mengi."

Tiba si ngumu. Asikimbize mwili ghafla. Kazi ya mwendo wa wastani haina neno, maana laktati haijai. Ikibidi kupanda kwa nguvu, ale kitu cha wanga kabla, akae mahali salama baada. Vipo vidonge vya kuituliza insulini kama haitatosha. Shimo je? Daktari ataandika kwamba anaweza kurudi, kwa masharti, na mwenzake awepo. Kitinda akafunika uso kwa mto. Muuguzi wa zamu, yule mwenye watoto wachanga, alidhani analia, akaja mbio. Alikuwa anacheka. Au vyote viwili, sikumfunua.

Dada alipoambiwa amesema ndiyo maana alisisitiza uji.

Ijumaa, 14 Machi

Kitinda yuko nyumbani. Jana ilikuwa ndiyo Alhamisi yenyewe. Saa ambayo angekuwa mezani kwa daktari alikuwa amelala chali chini ya sinki langu la jikoni, anazibua bomba, ananigombeza kwa jinsi nilivyolifunga na kitambaa. Nilisimama pale nikimshikia tochi. Sijui kama kuna baba aliyewahi kugombezwa akafurahi hivyo.

Leo tumerudi kwa daktari wa homoni, Dada naye. Daktari akasema jambo hili kwa kawaida hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nalo anatosha, na kila mtoto ni kama sarafu iliyorushwa. Wakubwa zake Kitinda wawili hawana shida, wanakimbia watakavyo. Mara nyingine huanza upya kwa mtoto, bila mzazi kuwa nalo. Lakini akauliza: mama yake?

Marehemu mke wangu alicheza netiboli mpaka alipokuwa na mimba ya kwanza, na waliomjua wanasema hata baada. Hakuchoka mtu yule.

Wakanigeukia mimi, wote watatu.

"Huyu?" akasema Dada. "Huyu hajawahi kukimbia hata mvua."

"Kwa nini, mzee?" akauliza daktari.

Nikasema ni tabia. Mwenda pole hajikwai. Ndivyo nilivyo, mtu wa subira.

"Hukuwa hivyo," akasema Dada. Akawa ameacha utani. "Ulikuwa ukikimbia. Mpaka siku ile ya mbio za shule. Ukashinda, ukaenda kukaa kivulini, tukakukuta umelala umejilowesha jasho, huwajui watu. Baba akasema hujala vizuri. Baada ya hapo hukukimbia tena."

Nilikuwa nimesahau. Si kusahau — nilikuwa nimeiweka mahali pengine, kwenye kabati la mambo ya utotoni. Nakumbuka ladha ya chuma mdomoni na viatu vya watu vikinizunguka.

Daktari akasema damu yangu nayo ingeweza kupelekwa mbali, tungoje miezi. Au baiskeli, kama moyo utaruhusu. Akaongeza kwamba hanilazimishi, kwa umri wangu hainibadilishii kitu, nimeshajitibu mwenyewe bila kujua.

Njiani nilikuwa nafikiri. Watu wamenisifu kwa subira tangu nina meno mapya. Walimu, wazazi wa wanafunzi, hata mke wangu, ambaye hakusifu ovyo. Kumbe huenda ni kongosho tu.

Nimemwambia Kitinda hivyo. Akasema, "Baba, mtu akishuka kwa ngazi kwa kuogopa lifti, bado ameshuka kwa miguu yake."

Nalo nitaliiba.

Jumatatu, 17 Machi

Moyo umepimwa. Mzuri, wanasema, kwa sababu haujawahi kusumbuliwa. Nitapanda baiskeli Alhamisi.

Kwa nini nataka? Dada ameniuliza, nami sikumjibu vizuri. Si kwa ajili yangu. Wajukuu wangu wanne, watoto wa wakubwa zake Kitinda, hawahusiki, wazazi wao wazima. Lakini Dada ana mabinti, nao wana watoto, na mmoja wao mdogo huwa anasinzia shuleni baada ya kipindi cha michezo. Wanamwita mvivu. Kama kimetoka kwangu tu, kimeishia kwa Kitinda. Kama kilinifikia kutoka juu, basi huenda Dada naye anacho bila kumsumbua, na yule mtoto apimwe kabla mtu hajafikiria kumkata.

Nimemweleza Dada leo hivyo. Aliweka kikombe chini.

"Mimi nilidhani anakesha na simu," akasema.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia hapa hapa chumba cha vipimo, daftari gotini. Daktari ameruhusu. Anasema mwandiko nao ni kipimo.

Nimepiga pedali. Kitinda alikuwa ameukaza mnyororo kabla sijapanda, hakuna aliyemwona akiingia na spana. Miguu inaniwaka. Karibu, laktati, pita mlango wa kutokea. Sijakimbilia kitu hivi tangu utoto, na aibu kusema, ilipendeza.

Kipimo cha kwanza baada ya kushuka: kawaida. Kitinda kakunja uso kidogo kama aliyenyimwa kitu. Dada akasema, "Si nilisema? Huyu ni uvivu mtupu." Tukacheka wote, na daktari.

Tunangoja. Nje ya dirisha mtu anafagia uwanja, anafagia pale pale.

Kipimo kingine. Imeshuka. Daktari anasema bado haijasema kitu, ya yeyote hushuka kidogo.

Kitinda haangalii mashine tena. Ananiangalia juu ya mdomo, kama anavyoangalia namba za ghorofa lifti ikiwa inashuka. Dada amenyamaza. Dada kunyamaza ni dalili kubwa kuliko zote.

Jasho. Baridi. Nalijua hili. Tuliwahi kuonana.

Siogopi. Nashangaa kwamba siogopi. Nimezungukwa na watu wanaojua jina lake. Kitinda amesimama na glasi ya juisi, daktari kamzuia kwa mkono: damu kwanza, sekunde tu. Namwona muuguzi anavuta sindano. Sauti zinakwenda mbali kidogo, zinarudi. Mistari ya daftari imepinda.

"Baba," anasema Kitinda. "Baba, mbona huitiki?"

Nimemsikia tangu mara ya kwanza. Nimetafuta la kumjibu, likaja lenyewe, sijui limetoka ghorofa gani.

"Nasikiliza kwanza."

Dada ameshika mdomo, kama aliyesikia sauti kutoka ile ngazi ya mwisho. Amekaa chini bila kutazama kama kiti kipo, anamwambia daktari neno moja tu, analirudia, mama, mama, na daktari ameinama kumsikiliza wakati mashine inaanza kulia na